Anamsubiri Nani Kwenye Piano?

"Simama! Simameni hapo hapo!"

Muziki ukakatika. Wachezaji wakaganda, huyu mkono juu, yule mguu hewani, wote wanahema. Mwalimu hakuwatazama hao. Macho yake yalikuwa kwa mtu mmoja tu, yule aliyekaa nyuma ya piano kwenye kona ya ukumbi, miwani imemteremka puani, anajifanya hajui kinachoendelea.

"Umechelewa," Mwalimu alimwambia.

"Nani, mimi?"

"Kuna mpiga piano mwingine humu ndani?"

"Sijachelewa. Nimemsubiri atue."

"Na kwa nini umsubiri? Mchezaji ndiye anaufuata muziki. Au siku hizi mambo yamegeuka?"

Mpiga piano, ambaye jina lake la kazi lilikuwa Vidole, akapandisha miwani na kuinamia karatasi zake za muziki. Katikati ya ukumbi alisimama binti aliyekuwa ametoka kuruka. Walimwita Springi, kwa jinsi alivyoruka. Naye aliinamisha uso. Mwalimu akawaona wote wawili wameinama kwa wakati mmoja, na moyo ukamlipuka paa.

Sasa utauliza, mpiga piano kumsubiri mchezaji ni kosa gani la kumtoa mtu jasho? Ngoja nikueleze, maana Vidole hakuwa mpiga piano tu. Alikuwa mume wa Mwalimu.

Mwalimu hakuanza kwa kufundisha. Alianza kwa kucheza baleti, tangu meno ya utotoni hayajamtoka, na alipokua watu walikuwa wanakata tiketi kumwona yeye tu akisimama kwa ncha za vidole vya miguu. Alikuwa mwepesi hadi wakamwita Unyoya. Vidole alikuwa kijana mpya kwenye piano. Wachezaji wengine wote aliwapigia kama ilivyoandikwa, lakini Unyoya akipaa, yule kijana aliishikilia noti, akamsubiri mpaka ashuke, ndipo akaendelea. Binti akaelewa kwamba anapendwa. Siku ya harusi walipomuuliza alitongozwa vipi, alijibu, "Alinisubiri." Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Muda si mrefu baada ya harusi, kifundo cha mguu kilivunjika mbele ya watazamaji. Akafanyiwa upasuaji, akatembelea magongo, na daktari akamwambia kwamba baleti basi. Mwanamke alilia mpaka akachoka kulia. Kisha siku moja akiwa amekaa mezani, akaanza kuvitembeza vidole viwili vya mkono juu ya kitambaa cha meza, kama miguu midogo. Vikaruka, vikageuka, vikapiga magoti. Dansi yake ya kwanza aliipanga hivyo, kati ya kikombe na chupa ya chai. Akaipeleka kwa watu wa tamthilia za muziki, wale wanaoimba, kuigiza na kucheza kwa pamoja. Wakamcheka, mtu wa baleti atatufundisha nini sisi? Leo jina lake ndilo linaloandikwa kwa herufi kubwa kwenye mabango.

Kwa hiyo usimlaumu. Alikuwa ameshapoteza mguu uliomlisha. Kilichobaki cha siku zile ni mwanamume mmoja aliyemsubiri. Na sasa mwanamume huyo alikuwa anamsubiri mwingine.

*

Chumba cha mavazi kilikuwa nyuma ya jukwaa, na bosi wake alikuwa dada yake Mwalimu, fundi wa kushona, pini mdomoni, ulimi haulali.

"Mdogo wangu, nikwambie au nisikwambie?"

"Ukianza hivyo ujue umeshaniambia. Sema."

Dada akazitema pini kiganjani. "Yule binti wako wa kuruka amekuja hapa kuomba buti."

"Buti za nini?"

"Ndilo swali. Nimemshonea viatu laini vizuri, vyepesi, vya rangi ya gauni. Ananiambia anataka buti za kufunga kamba mpaka huku juu. Nikamwambia nikupime basi. Hataki nimguse mguu! Siku mbili baadaye namwona na buti mpya. Nikamuuliza umezitoa wapi? Akasema, 'Mjomba amenisaidia.'"

"Mjomba nani?"

"Humu ndani wanamwita nani Mjomba?"

Mwalimu akakaa juu ya rundo la magauni. Vijana wote wa dansi walimwita Vidole kwa jina la Mjomba, kwa sababu alikuwa na peremende mfukoni na hakujua kumnyima mtu.

"Na si hilo tu," Dada akaendelea, sauti imeshuka. "Jumatatu nimewaona wanatoka kwa mlango wa nyuma. Shemeji amembebea begi. Binti amemshika mkono hivi, amemwegemea. Mimi sisemi kitu. Mimi nashona tu."

"Dada, wewe ndiye hujasema kitu?"

"Bado kabisa. Nikianza kusema utajua."

*

Nyumbani jioni Vidole alikuwa bafuni, anaimba. Simu yake ilikuwa mezani karibu na kikombe, nayo ikalia, ikawaka. Mwalimu hakuwa mtu wa kupekua simu za watu. Lakini simu ikijiwasha yenyewe mbele ya macho yako, utafumba?

Aliyetuma ujumbe aliandikwa FUNDI WA BOMBA.

"Mjomba, kesho saa tisa nipo pale pale. Nitavaa sketi ndefu wasinitambue. Tafadhali usimwambie Mwalimu, atanimaliza."

Akausoma. Akaurudia. Vidole akatoka na taulo begani, amependeza, ananukia sabuni.

"Mume wangu," Mwalimu akaanza, sauti laini ya kutisha, "bomba letu lina shida gani?"

"Bomba?"

"Fundi amekutumia ujumbe."

Vidole akaiangalia simu, akamwangalia mkewe, akaiangalia simu tena. "Aa... lile la bafuni. Linavuja kidogo."

"Halivuji. Mimi ndiye ninayeoga mle kila asubuhi."

"Linavuja kwa ndani. Huwezi kuona."

"Kwa ndani."

"Ndiyo. Ndani ya ukuta."

"Na huyo fundi anakuja lini?"

"Haji. Mimi namfuata. Kesho mchana."

"Mpe salamu zangu," Mwalimu alisema. "Mwambie ajihadhari asikanyage sketi."

Hilo la mwisho alilisemea moyoni, jamani. Mdomoni alisema tu, "Chakula kiko tayari," wakala, na kila mmoja alitafuna akiangalia sahani yake. Usiku ule Mwalimu alimsikiliza mumewe akikoroma na kujiuliza mambo mia. Binti mwenyewe angeweza kuwa mtoto wao. Lakini aliruka kama alivyokuwa akiruka yeye. Labda Vidole alikuwa anampenda Unyoya miaka yote hii, na huyu aliyelala pembeni, mwenye kovu kifundoni na kijiti cha kuelekezea, hakuwa Unyoya tena.

Aliumia, tena aliumia vibaya.

*

"Mwambie dereva asimame mbali," Dada alinong'ona ndani ya teksi.

Dada alikuwa amejificha, kwa maneno yake mwenyewe. Miwani myeusi, kilemba kikubwa cha zambarau, na mtandio juu ya kilemba. Kila aliyepita barabarani aligeuka kumtazama.

"Dada, hapo umejificha?"

"Wananiona mimi, hawakuoni wewe. Tulia. Wale pale!"

Vidole alikuwa anavuka barabara na Springi, mkono wake umemzunguka binti kiunoni. Sketi ilikuwa ndefu kweli. Wakaingia kwenye jengo la ghorofa lenye duka la rangi chini. Juu kabisa paliandikwa kwa herufi nyekundu: NYUMBA YA WAGENI. VYUMBA SAFI.

"Safi," Dada alisema. "Wamesema wenyewe ni safi."

Mwalimu alikuwa ameshafungua mlango wa teksi.

Ngazi zilikuwa nyembamba na mguu wake mbovu ulilalamika, akaupuuza. Ghorofa ya kwanza, kimya. Ghorofa ya pili, kabla hajafika, akaisikia sauti ya binti:

"Taratibu, Mjomba, naumia."

"Vumilia kidogo. Ndiyo naimalizia."

Mwalimu akapiga moyo konde, akajitokeza koridoni. "Imalizie na mimi niione!"

Vidole alikuwa amekaa kwenye benchi. Springi alikuwa pembeni yake, mguu mmoja umelazwa juu ya mapaja ya Vidole, na Vidole alikuwa anaufungua bandeji. Mguu ule ulikuwa umevimba na kuiva, mwekundu na buluu, hadi haujulikani kifundo kimeanzia wapi. Ukutani palikuwa na picha ya mifupa ya binadamu. Ghorofa hii haikuwa gesti, ilikuwa kliniki ya mifupa; gesti ilikuwa juu zaidi.

"Mwalimu..." Springi akaanza kulia.

Mlango ukafunguliwa, daktari akatoka na picha ya eksirei mkononi. "Nani mzazi wa huyu?"

Dada ndiye aliyefika juu wakati huo, anahema, kilemba kimelala upande.

"Sisi ni ukoo," alisema.

"Basi ukoo usikie. Mfupa una ufa. Ufa mdogo. Akipumzika utaunga. Akiruka tena, hautakuwa ufa, na mimi nitakuwa sina la kumfanyia."

Mwalimu akaiangalia ile picha kwa muda mrefu. Alikuwa nayo moja nyumbani, ya kwake, chini ya masanduku. Akamgeukia mumewe.

"Alikuja kukwambia anaumwa?"

"Hapana. Nilimsikia."

"Ulimsikia vipi?"

"Akitua." Vidole alivua miwani. "Mguu mzima unatua kwa sauti moja. Unaouma unatua kwa sauti mbili, mtu anagusa kwanza, halafu ndiyo anaweka uzito. Nimekaa chini ya jukwaa miaka mingi, naisikia sakafu kuliko ninavyoisikia piano. Nikambana, akakiri. Akaniomba nisikwambie mpaka onyesho lipite. Nikasema basi walau nimlete kwa daktari. Na kule kwenye mruko nikawa namshikilia noti, apate nafasi ya kuweka mguu vizuri."

"Kumbe ndiyo maana ulimsubiri."

"Ndiyo maana. Ulidhani nini?"

Dada akakohoa, akaanza kuisoma picha ya mifupa ukutani kwa bidii kubwa.

Mwalimu alijisikia mwepesi. Hakuna mwanamke mwingine. Alitaka kucheka, alitaka kumkumbatia mume wake pale pale. Alipiga hatua moja kumwendea, halafu akasimama.

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Mimi ulinisubiri kwa nini?"

Vidole akaanza kuikunja bandeji.

"Nakuuliza, Vidole. Zile siku za baleti. Kila nikipaa ulishikilia noti. Mimi peke yangu."

"Unyoya, twende tukayaongelee nyumbani."

"Ulinisikia?"

Vidole akairudisha miwani usoni.

"Ulinisikia mguu?"

"Nilikusikia," alisema taratibu. "Tangu msimu wa kwanza niliokupigia."

Mwalimu akashika ukuta. "Sikumwambia mtu. Nilifunga bandeji chooni. Nilimeza dawa gizani. Nilijua ni mimi na Mungu tu."

"Nilijua na mimi."

"Na ukanyamaza."

"Ulikuwa na furaha. Kila usiku watu wanasimama kwa ajili yako. Ningesema, wangekutoa, na ungenichukia. Niliona nikikushikilia noti utatua salama."

"Sikutua salama, Vidole."

"Najua. Nimeishi nayo."

"Hujaishi nayo! Aliyeishi nayo ni mimi!" Sauti yake ilijaa korido nzima. "Nimewaambia watu kwenye harusi yangu kwamba ulinisubiri. Nimejisifu nalo. Kumbe ulikuwa umekaa pale unasikiliza mguu wangu unavyokatika, unanipigia muziki!"

"Nilikupenda."

"Ungesimamisha!" Akanyoosha kidole kuelekea dari. "Afadhali ningekukuta huko juu kwenye vyumba safi. Mwanamke ningemfukuza yakaisha."

Akashuka ngazi peke yake.

*

Vidole alilala sebuleni. Asubuhi simu ya Mwalimu ikalia chumbani. Ujumbe ulitoka upande wa pili wa mlango.

"Chai ipo kwenye chupa."

"Sinywi."

"Nisamehe."

Akausoma, akaitupa simu kwenye mkoba. Akavaa, akaenda kazini kwa miguu, mumewe nyuma yake upande wa pili wa barabara.

Ukumbini alimwita Springi mbele ya wote. Binti alikuja na magongo, macho yamevimba kuliko mguu.

"Mwalimu, umenitoa?"

"Kuruka nimekutoa. Kucheza sijakutoa. Nani aliyekwambia dansi iko miguuni?" Akaburuta kiti hadi katikati. "Kaa hapo. Wenzako watacheza wakikuzunguka. Wewe nipe mikono, shingo na macho."

Springi alikaa, akafuta machozi, akainua mkono mmoja. Mwalimu alikuwa ameshaanza kuiona dansi mpya kichwani pale mlango wa nyuma ulipogongwa na kufunguka. Ni mwenye kampuni, mtu wa suti na haraka.

"Nasikia mruko umeondolewa."

"Umeondolewa. Binti ameumia."

"Mwalimu, mruko huo uko kwenye bango! Watu wamekata tiketi kuuona. Onyesho ni Jumamosi. Mfundishe mwingine."

"Mwingine hawezi kuupata kwa siku mbili."

"Kwa sababu hajaonyeshwa. Au wewe mwenyewe umeusahau? Mimi nilidhani zamani ulikuwa bingwa."

Hapo aliguswa pabaya. Mwalimu alikuwa hajalala, hajanywa chai, na ana hasira ambayo haijapata pa kutokea. Akatupa kijiti chake.

"Nani amesahau? Sogeeni! Toeni kiti. Wewe binti wa nyuma, njoo uangalie, nitauonyesha mara moja. Vidole! Kutoka mwanzo."

Vidole hakugusa piano.

"Umeziba masikio? Nimesema kutoka mwanzo."

Akaanza kupiga. Mwalimu akaanza na hatua ndogo za kuingilia, na lo, wale vijana ambao hawakuwahi kumwona akicheza walisahau kufunga midomo. Akageuka. Akaruka karuko kadogo ka kujiandaa, akatua. Akageuka tena, akavuta pumzi, akaanza kukimbia kuelekea mruko wenyewe.

Piano ikanyamaza.

Haikuchelewa, wala haikushikilia noti. Ilinyamaza kabisa, na kilichofuata ni mlio wa kifuniko kikifungwa, pa!

Mwalimu akajikwaa, akasimama. "Nini?"

"Sipigi," Vidole alisema. Alikuwa amesimama.

"Mpiga piano, nani amekuruhusu kusimamisha mazoezi?" mwenye kampuni alifoka. "Piga, au nitafute mwingine!"

"Tafuta. Leo hii tafuta. Lakini mguu huu nimeusikia, umetua kwa sauti mbili. Niliwahi kuusikia nikanyamaza, nikaona nampenda mno mwenye mguu, siwezi kumuudhi. Ukavunjika." Akamgeukia mkewe. "Nichukie, Unyoya. Nifukuze nyumbani. Hapa siendelei."

Mwalimu alimtazama kwa macho makali kiasi kwamba Dada, aliyekuwa amechungulia kutoka chumba cha mavazi, aliuma pini zake.

"Umechelewa," Mwalimu alisema.

"Nimechelewa."

"Umechelewa sana, Vidole."

"Najua, mke wangu."

Midomo ya Mwalimu ilianza kucheza, haijulikani analia au anacheka. Akaangalia mguu wake, ambao kwa kweli ulikuwa unawaka moto.

"Unauma," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo ndani ya ukumbi wa dansi. "Leteni viti viwili."

Springi alipata kiti chake, Mwalimu akapata cha kwake. Vidole alikuja, akapiga magoti mbele ya vijana wote, akamvua mkewe kiatu na kukishika kifundo kile chenye kovu kwa mikono miwili. Mwenye kampuni alitazama saa, akatazama dari.

"Na bango langu?" aliuliza, kwa sauti iliyopungua.

"Badilisha picha," Mwalimu alimjibu bila kugeuka.

*

Jumamosi Springi alicheza akiwa amekaa kwenye kiti, kundi zima likimzunguka kama upepo, na yeye akiruka kwa mikono tu. Alipoishusha ile mikono mapajani watu walikaa kimya kwanza, halafu wakasimama. Mwenye kampuni alikuwa anamwambia kila aliyekutana naye mlangoni kwamba wazo la kiti lilikuwa la kwake.

Nyumbani, Mwalimu alikaa mezani na Vidole akammiminia chai.

"Nikuulize kitu, unijibu kweli. Zile siku, ulinisubiri kwa mapenzi au kwa woga?"

Vidole alifikiri. "Kwa vyote viwili. Nilishindwa kuvitenganisha."

"Sijakusamehe chote."

"Sawa."

"Lakini leo lala chumbani. Hilo kochi linakupinda mgongo, nani atanipigia piano?"

Vidole aliinamisha uso kuficha furaha, hakuweza. Mwalimu akainuka kwenda kuoga, akichechemea bila kuficha. Baada ya muda mfupi sauti yake ikatoka bafuni.

"Vidole!"

"Naam!"

"Hili bomba linavuja!"

"Haiwezekani!"

"Linavuja, na si kwa ndani ya ukuta! Mpigie fundi wako avae sketi aje!"

Vidole alicheka mpaka akamwaga chai. Kisha akatafuta spana, akaenda kulitengeneza mwenyewe.